Kusomea Uzamili wa Masoko ya Kimataifa Ukiwa Kazini Tanga

Kabla ya kulipa ada ya maombi, hakikisha kwamba chuo unachokitaka kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hasa kikiwa cha nje, kwa kuwa shahada isiyotambuliwa haitakufaa siku utakapoomba kupandishwa cheo.

Jambo linalowakwamisha wengi wanaosoma kwa mtandao ni saa. Kipindi kinachoanza saa kumi na mbili jioni mjini London husikilizwa Tanga saa tatu usiku, au saa mbili katika majira yao ya joto, muda ambao mtu aliyeshinda bandarini bado anaumudu. Kipindi cha saa hiyo hiyo kikifundishwa New York wakati wa baridi hukufikia saa nane usiku, na hapo hata kahawa chungu ya barazani haisaidii. Kwa hiyo omba ratiba kamili mapema, na uulize kama mihadhara hurekodiwa.

Ukishaanza, chagua mada zinazotokana na kazi yako. Aliyeajiriwa katika kampuni ya mkonge, kwa mfano, anaweza kuandika tasnifu kuhusu namna nyuzi za Tanga zinavyoshindana na za Brazili, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, mradi apate kwanza idhini ya maandishi ya mwajiri ya kutumia takwimu za mauzo. Omba pia likizo yako ya mwaka iangukie wiki za mitihani. Nionavyo, mwajiri hulikubali hilo kwa wepesi kuliko ombi la kulipiwa ada.