Longonot kwa siku moja: njia ilivyo

Kutoka lango la hifadhi ya Mlima Longonot, Kenya, hadi ukingo wa kreta (shimo la volkano) ni kama kilomita 3. Kuuzunguka ukingo, zaidi ya 7. Anza asubuhi na mapema, kwa kuwa kivuli ni haba. Beba maji lita 3 kila mtu.

Kinachoangusha wengi ni udongo. Ni majivu ya volkano: kiangazi huwa vumbi laini linaloteleza chini ya raba zilizolika soli, hasa wakati wa kushuka. Mvua nayo huchimba mifereji katikati ya njia. Vaa buti zenye meno, shuka kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo.

Kilele (mita 2,776) kina mwinuko mkali. Mkono utashika mawe. Ziwa Naivasha huonekana lote, mawingu yakiruhusu. Radi ikinguruma, usiendelee: ukingoni hakuna pa kujificha.