Namna ya Kutembea Katika Msitu wa Masingini

Msitu wa Masingini uko kilomita chache tu kutoka Mjini Unguja, juu ya vilima vya upande wa magharibi, na kilele chake, kinachokaribia mita 120 kutoka usawa wa bahari, ndiyo sehemu ya juu kabisa ya kisiwa. Kwa kuwa ni msitu mdogo, wengi huingia, wakauzunguka mbio mbio, kisha wakatoka wakilalamika kwamba hawakuona kitu. Kasoro huwa ni ya mwendo wao, na maelezo haya yanahusu mwendo kuliko jambo jengine lolote.

Panda daladala ya 502 hadi Bububu, kisha uchukue bodaboda. Usisahau kitambulisho chako cha Mkaazi, maana kiingilio cha mwenyeji si sawa na cha mgeni. Wakati mzuri ni asubuhi, baina ya saa moja na saa nne, au baada ya sala ya alasiri. Adhuhuri wanyama hujipumzisha juu kwenye majani mazito na hata ndege hunyamaza. Anayekwenda alasiri ahakikishe ametoka kabla ya magharibi, kwa sababu chini ya miti kiza huingia mapema kuliko barabarani. Miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo yenye raha zaidi. Wakati wa masika njia huteleza, na siafu hutoka kwa wingi.

Vaa suruali ndefu, soksi na raba zenye meno. Ndara ziache nyumbani. Maji ya kunywa yanatosha, na chakula usichukue.

Ukishaingia, sharti la kwanza ni kubakia kwenye njia, nalo lina sababu nzito kuliko watu wanavyodhani. Mvua inayonyesha kwenye vilima hivi huzama katika udongo wenye kina, usiofanana na maweni ya mashariki ya kisiwa, na ndiyo inayolisha chemchemi za Bububu, ambazo Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji yake mpaka mjini. Mtu akikata njia ya mkato kwenye mteremko, majani hufa, udongo hugandamana, na mvua ijayo badala ya kuzama huporomoka na udongo wenyewe hadi pakawa na korongo. Kwa hiyo hata tope ukilikuta, lipite katikati. Ukilizunguka pembeni, na mwenzako akafanya hivyo hivyo, kijia cha mtu mmoja kitageuka kuwa barabara.

Kuhusu mwendo wenyewe, tembea hatua ishirini au thelathini, kisha simama kimya kwa dakika mbili au tatu, na uanze kwa kusikiliza kabla ya kutazama. Kima hujulikana kwanza kwa tawi linalotikisika pasipo upepo, au kwa vipande vya majani vinavyodondoka. Ukiinua macho, usikimbilie kusema ni kima punju. Kima wa kawaida ana rangi ya kijivujivu, ilhali punju ana mgongo mwekundu, mikono myeusi na nywele nyeupe zilizouzunguka uso. Akishika tawi karibu nawe, utaona vidole vinne virefu, kwani dole gumba lake limebakia kijinundu tu. Kima punju ni wa Zanzibar peke yake, na hawa wa Masingini waliletwa hapa miaka ya 1970 kutoka sehemu nyengine za Unguja. Kaa mbali naye kiasi cha mita tatu au zaidi, na ukiwa na mafua usimkaribie kabisa. Usimpe ndizi hata akikutazama kwa huruma: tumbo lake limeumbwa kuchachusha majani machanga na matunda mabichi, na sukari ya tunda lililoiva humdhuru. Wenye tabia ya kutembea msituni huku simu ikipiga muziki kwa sauti, sijui huwa wamefuata nini.

Tazama na chini pia. Mstari wa siafu unaokata njia uruke kwa hatua moja ndefu, wala usisimame karibu yake kuutazama, maana askari wao husambaa pembeni. Wakikupanda, ondoka pale kwanza, halafu ndiyo uwatoe mmoja mmoja kwa kuwavuta, kwani kichwa hung'ang'ania ngozi. Kiangazi kuna upupu: maganda yenye manyoya ya rangi ya kahawia yanayoning'inia kwenye mitambaa kando ya njia. Manyoya yakikuangukia, usijikune wala usijisugue, maana utayaeneza. Yang'oe kwa kubandika na kubandua plasta, na nguo ibadilishe mapema. Mkono usiutie chini ya gogo wala kwenye shimo, kwa ajili ya nyoka.

Ukirudi nyumbani, jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Ukimkuta kupe ameshika, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila ya kumpaka mafuta wala kumchoma moto, kisha uoshe mahali hapo kwa maji na sabuni.