Hesabu Magari Yaliyomo Kwenye Tangazo Moja

Tangazo la gari la zamani lililofanyiwa mabadiliko nalisoma kwa swali moja: humu ndani mna magari mangapi? Maandishi yanaeleza gari moja, picha zinaonyesha la pili, halafu kadi ya usajili au namba ya chasisi inataja la tatu. Yote yakikubaliana, ndipo mazungumzo ya bei yaanze. Yasipokubaliana, hujui hata unauziwa nini.

Kazi yangu ilikuwa kukadiria hasara za magari ya bima hapa Dar. Mtu anaandika taa ya kulia imevunjika, picha inaonyesha ya kushoto, na wewe ndiye unayetakiwa kusaini. Ukikaa kwenye kazi ya namna hiyo maneno matamu hayakubabaishi tena. Sasa nimestaafu, lakini vijana wa ukoo wameingiwa na wazimu wa magari ya Kimarekani ya miaka ya 60 na 70: Mustang, Camaro, Chevelle, Charger, yale yenye V8, injini ya silinda nane, inayonguruma mpaka madirisha ya jirani yanatetemeka. Mpwa wangu wa Mbezi Beach hunitumia matangazo usiku. "Shikamoo shangazi, hebu itazame hii." Mengi yanatoka Marekani na Dubai, mengine Afrika Kusini, na mara mojamoja gari liko hapahapa Mikocheni au Kigamboni, limefunikwa turubai.

Nitangulize hili: gari kubadilishwa si kosa. Gari la 1966 lililofungwa breki za diski na mkanda wa maana ni salama kuliko lilivyotoka kiwandani. Ninachotafuta ni maneno mawili ndani ya tangazo moja ambayo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

Chukua tangazo la aina hii: "Ford Mustang 1967 fastback, V8 302, manyuo gia sita, orijino haijaguswa, maili 48,000 tu. Weka mafuta uondoke. Bei ina mazungumzo, wababaishaji wapite mbali."

Soma sentensi peke yake kwanza, picha ziache. "Orijino haijaguswa" na "gia sita" haviwezi kukaa nyumba moja. Mustang za miaka hiyo zilitoka na manyuo ya gia tatu au nne, au oto ya gia tatu. Gia sita zimefungwa baadaye. Halafu hiyo 302, yaani ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo: iliingia kwenye Mustang kuanzia modeli ya 1968. Ya 1967 ilikuwa na silinda sita, au V8 ya 289, au ile kubwa ya 390. Kwa hiyo ama injini imebadilishwa, ama mwaka si wenyewe. Hujafungua picha hata moja na tayari una maswali mawili ya kumuuliza muuzaji.

Sasa fungua picha. Tazama ubavu wa mbele, nyuma kidogo ya bampa. Kuna kitaa kidogo pale? Marekani ilianza kulazimisha taa au viakisi vya ubavuni kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1968. Mustang ya 1967 ubavu wake ni mtupu. Nenda picha ya ndani, shuka chini ya usukani: pedali mbili. Klachi haipo. Manyuo ya gia sita imeyeyuka, na hapo mara nyingi si uongo wa mwenye gari, ni dalali aliyenakili maneno ya tangazo jingine na kubadilisha namba ya simu tu.

Kisha omba picha ya namba ya chasisi. Kwa Mustang ya 1968 kuna kibati juu ya dashibodi, upande wa abiria, kinachosomeka kupitia kioo cha mbele. Tuseme kinaanza 8T01C. Namba ya kwanza ni mwaka: 8 ni 1968. Herufi T ni kiwanda cha Metuchen, New Jersey. F ingekuwa Dearborn, R ingekuwa San Jose. Zile tarakimu mbili zinazofuata ndizo nazozipenda kuliko zote, kwa sababu zinataja umbo: 01 ni paa la kawaida, 02 ni fastback, yaani paa linaloteremka moja kwa moja hadi mwisho wa buti, na 03 ni gari la wazi. C ni injini ya 289 yenye kabureta ya matundu mawili. Kibati cha mlangoni kinarudia habari hiyohiyo kwa lugha nyingine: 65A ni paa la kawaida, 63A ni fastback.

Kwa hiyo gari lililozaliwa na paa la kawaida na 289 linauzwa kama fastback ya 302, na picha kweli zinaonyesha fastback. Kilichotokea ni kwamba paa lilikatwa, likachomelewa jingine. Inawezekana, vipande vinauzwa, na fundi anayejua kazi yake anaitoa vizuri. Lakini hilo si gari lililotajwa kwenye tangazo wala bei yake si ile. Mpwa wangu alipoliona hilo alisema, "Lakini shangazi, kwa macho si ni ileile?" Kwa macho ndiyo. Siku ya kuliuza, mnunuzi atakuja na shangazi yake.

Hizo maili 48,000 sizihesabu kabisa. Kipima maili cha magari haya mengi kilikuwa na tarakimu tano za maili kamili, kwa hiyo kikifika 99,999 kinaanza upya. Huenda ni 48,000, huenda ni 148,000. Tazama badala yake mpira wa pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva na usukani. Pedali iliyochakaa hadi chuma kwenye gari la "maili chache" inajieleza yenyewe.

Kila kampuni ina siri zake ndani ya namba, na hazifanani. Pontiac GTO ya 1966 hadi 1971 namba yake huanza na 242. Ukiona 237 hiyo ni LeMans ya kawaida iliyobandikwa nembo ya GTO, mjadala umekwisha. Dodge Charger R/T ya 1969 huanza na XS29. XP29 ni Charger ya kawaida. Lakini usije ukabeba kipimo hicho hadi kwenye Chevelle ukadhani umeshinda. Chevelle SS, yaani Super Sport, ya 1966 hadi 1968 ilikuwa na namba yake, 138. Kuanzia 1969 hadi 1971 SS ilikuwa nyongeza tu ambayo mteja alilipia, na namba ya chasisi haisemi lolote juu yake. Muuzaji wa Chevelle ya 1970 akikuambia "angalia chasisi, ni SS halali", amesema kitu ambacho chasisi haiwezi kusema. Mwambie atoe karatasi za kiwandani au risiti ya muuzaji wa kwanza. Camaro ya 1967 na 1968 nayo haikutajii SS. Itakutajia tu kama gari lilizaliwa na V8, 124, au silinda sita, 123.

Namba yenye tarakimu 17 kwenye gari la 1969 ni tatizo la papo kwa papo. Mfumo huo ulianza kutumika kwa magari ya modeli ya 1981.

Wasiopenda namba watumie macho. Camaro ya 1967 ina kijioo cha pembetatu mbele ya dirisha la mlango. Ya 1968 haina, na imeongezewa taa za ubavuni. Mustang za 1965 na 1966 za silinda sita zilikuwa na nati nne kwenye rimu, za V8 zilikuwa na tano. Sasa ukiona "V8" yenye nati nne, gari lilizaliwa na silinda sita, na aliyepachika injini kubwa ameacha breki na ekseli za injini ndogo. Hapo sizungumzii thamani tena, nazungumzia kusimama pale taa za Mwenge. Na masta silinda, ile pampu kuu ya breki, yenye vyumba viwili kwenye Mustang ya 1966 ni habari njema, maana kiwandani ilitoka na chumba kimoja. Ila mtu huyo asikuandikie "breki orijino".

Injini yenyewe inajitaja ukifungua boneti. Tafuta distribyuta, kile kikombe kinachotoka waya za plagi. Kwenye V8 ndogo ya Ford, 289 au 302, iko mbele, karibu na feni. Kwenye V8 ndogo ya Chevrolet, kama 350, iko nyuma, imejibanza ukutani. Mustang yenye distribyuta nyuma ina moyo wa Chevrolet, na wako wapenzi wa Ford watakaokataa hata kuisogelea. Akikuambia "nimeweka LS3", usitafute distribyuta: injini za kisasa za V8 za familia ya LS, za Chevrolet, zilizotoka 1997 na kuendelea zina koili nane, nne kila upande, kwa kawaida juu ya vifuniko vya valvu. Ukiona kikombe na waya nane zimepangwa kizamani, mara nyingi hiyo LS3 iko kwenye maandishi tu.

Nguvu za farasi nazo zina mtego wa tarehe. Hadi 1971 Wamarekani walitangaza nguvu ya injini ikiwa mezani, bila sailensa wala mizigo mingine. Kuanzia modeli ya 1972 wakatangaza ilivyo ndani ya gari, na takwimu zikaporomoka. Chevelle ya 1970 yenye 454 LS6 (jina tu, si ile familia ya LS) iliandikwa farasi 450 kwa kipimo cha kale. Muuzaji anayelinganisha takwimu hiyo na gari la leo analinganisha vipimo viwili.

Kwa gari lililokwisha kusajiliwa Tanzania, kadi ndiyo kinga yako kubwa, na watu wanaiangalia mwisho wakati ilipaswa kuwa mwanzo. Kadi inataja mwaka, chasisi, namba ya injini, rangi na CC. Zidisha ukubwa wa Kimarekani kwa 16.387 upate CC: 289 ni kama 4,736, 302 ni kama 4,949, 350 ni kama 5,735, na ile silinda sita ya 200 ni kama 3,277. Kadi ikisema 3,277 na tangazo likisema V8, injini ilibadilishwa na TRA, mamlaka ya mapato, hawajaambiwa. Hilo litakuwa tatizo lako siku ya kuhamisha umiliki. Rangi vilevile: kadi inasema nyeupe, gari ni jekundu, muulize lilipigwa rangi lini na kwa nini.

Namba za usajili zinasaidia. "Imeingia juzi kutoka Marekani" huku picha inaonyesha namba B, za mfululizo wa zamani? Hata mtoto wa darasa la tano anajua tuko wapi sasa. Na "ushuru wote umelipwa" kwa gari lisilo na namba, omba TANSAD, hati ya forodha ya kuingiza gari. Gari la umri huu hutozwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, kwa hiyo neno "wote" ni hela nyingi. Lionekane kwenye karatasi.

Mandhari ya picha watu huyadharau. Nimeona gari "lipo Masaki" limeegeshwa pembeni ya theluji. Nimeona picha mbili za gari moja, usukani kulia kwenye moja na kushoto kwenye nyingine. Hiyo ya usukani usiikimbilie, soma kwanza maandishi kwenye tairi au nembo, huenda picha imegeuzwa na simu. Maandishi yakisomeka sawa kote, hayo ni magari mawili. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, likionekana nyuma likiwa limekamilika, picha haiwezi kuwa ya 2019, hata muuzaji aseme "hizi nilipiga 2019 kabla sijaliweka ndani". Na picha zote zitafute kwa Google Lens. Zikitokea kwenye mnada wa Marekani zikiwa na bei nyingine, funga mazungumzo.

Ukishapata tofauti, usimvamie mtu. Wapo waliorithi gari na hawajui lolote, na mtu aliyeitwa tapeli hatakujibu tena. Andika: "Kaka samahani, kwenye kadi mwaka umeandikwa ngapi?" Halafu nyamaza. Ukijibiwa kwa picha, vizuri. Ukijibiwa "wewe mteja au polisi?", umeshajibiwa. Kisha omba video moja isiyokatwa: aanze kwenye namba ya gari, apite kwenye kibati cha chasisi, afungue boneti, aingie ndani mpaka pedali, awashe injini ikiwa baridi. Mwenye gari mkononi hufanya hivyo kwa dakika tano. Asiye nalo atakuambia fundi amelichukua, na papo hapo atakuomba kishika uchumba maana "kuna mtu anakuja kesho na hela taslimu". Huyo mtu wa kesho nimemsikia tangu enzi za simu za mezani.

Kama gari bado liko Marekani, omba picha ya hati ya umiliki, mbele na nyuma. Linganisha namba na kibati, herufi kwa herufi, kisha tafuta neno "salvage" au "rebuilt", lenye maana kwamba liliwahi kufutwa na bima au kujengwa upya baada ya ajali. Pale kwenye maili, magari ya umri huu huandikwa "exempt": hakuna aliyewajibika kuthibitisha maili, hata kama tangazo linasema 48,000. Jina la mwenye hati nalo lilinganishe na jina la akaunti unayotakiwa kutumia hela. Yakitofautiana, hela isitoke benki mpaka upate maelezo kwa maandishi kutoka kwa huyo aliyetajwa kwenye hati.