Venye utafanya jirani yako aanze kuenda kazi na baiskeli

Ukitaka mtu aanze kuenda kazi na baiskeli, kwanza wacha kumhubiria. Mimi naendesha kutoka Nyamasaria hadi tao hapa Kisumu kila siku ya kazi, huu ni mwaka wa nne, na mwaka wa kwanza wote nilikuwa naambia kila mtu pale kazini vile baiskeli inaokoa pesa, vile ni mazoezi, vile hukai kwa jamu, wanaitikia vizuri kabisa "kweli mama, kweli" halafu jioni unawaona kwa steji. Hakuna hata mmoja alinunua. Wa kwanza kuanza alikuwa jirani yangu hapa kwa ploti, anafanya kazi saluni huko tao, na hakuanza juu ya maneno yangu, alianza juu Jumapili moja nilimwambia chukua ya bwanako twende polepole tuone njia, tukifika tunywe chai turudi. Tangu hapo nimeanzisha watu watano hivo hivo, na hii naandika ni ile njia nimeona inashika.

Anza na Jumapili asubuhi, wakati watu wengi wako kanisani na barabara iko tupu. Usimpeleke mtu mgeni barabarani Jumatatu saa moja, utampoteza siku hiyo hiyo. Na usimpitishe njia ile matatu hupita eti juu ndio anaijua, tafuta ya ndani hata kama inazunguka kidogo. Sisi tukitoka Nyamasaria tunashika barabara ya Nairobi hadi pale Kachok, hicho kipande hakina ujanja, unakaa kando na unakuwa macho, halafu tunaingia Ring Road tunapita Nyalenda na kutokea Milimani, pale chini ya miti, na kutoka Milimani ni dakika chache uko katikati ya tao. Ni ndefu kuliko kunyoosha, lakini magari ni machache na yako polepole. Kila mtaa uko na njia yake hivo, wewe tembea uitafute. Kisumu mji wetu ni tambarare, Mungu alitupatia hiyo bure, ukitoa upande wa Riat ambao ni mlima wa kweli. Umbali wa kilomita sita ama saba, kwa mwendo wa mtu anaongea bila kuhema, ni kama nusu saa tu.

Siku hiyo ya kwanza simama naye pale pabaya. Simama kabisa, mguu chini. Mwonyeshe huu mtaro hauna kifuniko, hapa matatu hukata kuingia steji bila indiketa, hapa asubuhi kunakuwa na tuktuk zimejipanga, hii bampu haikupakwa rangi na jioni huioni. Akishazijua kwa macho yake, ile Jumatatu ya kwanza barabara haimshtui sana.

Saa ingine woga sio wa magari, ni wa macho ya watu. Jirani yangu mama mkwe wake alikuja kutembea, akakuta baiskeli imeegemea ukuta, akauliza, "Nyar Alego," yaani msichana wa Alego, "kwani gari zimeisha?" na ile sauti aliuliza nayo ilimfanya akae wiki mzima bila kuigusa. Mimi sikumkemea mzee wa watu, nilienda tukakaa naye, nikamwambia mama, nyinyi mnajua zaidi yetu, si hapa watu walikuwa wanabebwa na baiskeli hadi hospitali? Akaanza kutuhadithia mwenyewe. Na ni ukweli, hizi boda boda tunaita boda boda zilianza zikiwa baiskeli, huko Busia mpakani, watu wanavushwa kutoka upande wa Kenya hadi Uganda, "boda, boda," jina likabaki. Kisumu ya miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili ilijaa hizo, keria imewekwa mto laini, abiria anakaa nyuma. Halafu serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, pikipiki zikajaa, na baiskeli ikaonekana kama ya mtu ameshindwa. Kwa hivo mtu akikwambia baiskeli si kitu yetu mkumbushe tu hiyo stori, haina haja ya kubishana. Na kama ni mwanamke ana wasiwasi na sketi, mtafutie ile fremu haina mti wa juu, na kafuniko ka kuziba cheni, kwisha, hata kitenge kinakaa.

Sasa baiskeli yenyewe. Wengi wakianza wanataka ile ya gia 21 inang'aa kwa duka, na ndio hizo zinaharibika mapema juu gia za bei rahisi zinateleza na spea ni shida. Kwa njia zetu hizi mamba ya kawaida, ile nyeusi ya chuma, inatosha, ama mtumba nzuri ya mlima yenye gia chache. Mimi yangu ni mamba niliyoinunua shilingi 6,500 ikiwa imetumika. Nenda na fundi, usiende peke yako. Fundi wangu yuko Kibuye, mzee alianza enzi za zile boda za baiskeli, na siku tulimpelekea ya jirani nilijifunza zaidi ya miaka yote nimeendesha. Aliigeuza miguu juu, akazungusha gurudumu la mbele na kidole kimoja, akainama akaangalia ile nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Ilikuwa inafunguka na kufunga, kufunguka na kufunga, maanake rimu imepinda. Akachukua spana ndogo akakaza spoku mbili, akalegeza moja upande wa pili, akazungusha tena, bado, akarudia, hadi ile nafasi ikakaa moja gurudumu lote. Halafu akashika gurudumu juu akalisukuma kushoto kulia, likagonga kidogo, tk tk, akasema hiyo ni beringi inataka grisi. Akapitisha kidole kwa fremu pale mabomba yanaunganishwa akitafuta chomelea. "Fremu ikichomelewa wacha," akasema, "hiyo ingine yote naeza tengeneza." Hayo matatu unaeza yaangalia wewe mwenyewe ukiwa unanunua: rimu, beringi, fremu. Na pindua uone ile namba imegongwa chini pale kwa pedali, iandike, uuziwe na mtu anapatikana na mwandikiane karatasi, juu baiskeli za wizi ziko na utashikwa wewe.

Siti ndio kosa naona kwa karibu kila mtu mpya. Wanaiweka chini sana juu wanataka miguu yote iguse chini, halafu baada ya wiki wanasema magoti yanauma, baiskeli sio yangu. Mwambie akae kwa siti, aweke kisigino kwa pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Akirudisha mguu vizuri, na ile nyama ya mbele ya wayo ndio inakanyaga, goti linabaki limekunjwa kidogo tu. Akisimama ataegemea upande mmoja na kidole cha mguu, hiyo ni sawa, atazoea siku mbili. Upepo nao ujae, ukibonyeza tairi na kidole gumba isizame. Tairi nusu inakufanya ufikirie umechoka na si wewe.

Barabarani kuna kitu inaenda kinyume na vile watu hufikiria. Mtu mpya anajibana kabisa ukingoni, kule kwa changarawe na chupa, akidhani ndio salama. Pale ukingoni dereva hakuoni kama gari, anakupita karibu karibu, na ukikuta shimo huna pa kuenda isipokuwa mtaroni ama mbele ya lori. Kaa kushoto ndio, lakini acha kama mita moja kutoka ukingo, endesha laini moja iliyonyooka, usiingie na kutoka kati ya magari yamepaki. Matatu ikisimama mbele yako usiipite upande wa mlango, mtu anashuka bila kuangalia. Na lori, naomba sana hii uishike, usiwahi jipenyeza kushoto kwa lori linataka kukata kushoto, dereva hakuoni pale hata kama ana vioo viwili, na gurudumu la nyuma linakata ndani kuliko la mbele. Subiri nyuma lipite. Ukitaka kukata kulia toa mkono mapema, geuza kichwa, mtazame dereva usoni, ukiona amekuona ndio uende. Na kama makutano yamekushinda shuka usukume uvuke kama mtu wa miguu, hakuna mtu wa maana atakucheka.

Breki shika zote mbili pamoja. Ya mbele ndio inasimamisha zaidi lakini ukiifinya peke yake kwa nguvu kwa mteremko itakurusha. Mvua ikinyesha zile breki za chuma za mamba zinateleza juu ya rimu, anza kushika mapema sana, hata mara mbili ya umbali ule umezoea.

Mvua yetu huku inapenda mchana na jioni, unaona wingu limejikusanya upande wa Nandi halafu saa kumi linamwagika na radi. Usishindane na radi, subiri kazini nusu saa, mara nyingi inapita. Shida yangu kubwa si maji, ni udongo. Sisi wa upande wa Kano tuna ule mweusi wa pamba, ukilowa unashika tairi, unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, unabaki umebeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba. Beba kijiti cha kukwangua, na ile miezi ya Machi hadi Mei ukae kwa lami hata kama ni mbali, ndani utapitia wakati wa kiangazi. Simu na karatasi za kazi weka kwa mfuko wa plastiki ndani ya begi.

Jasho watu huulizia sana. Ondoka mapema dakika kumi, usikimbie, na begi usiweke mgongoni, ifunge kwa keria na blada, mgongo ukipata upepo jasho linapungua zaidi ya nusu. Mimi shati ya kazi nabeba imekunjwa, nafika naosha uso na makwapa kwa sinki na kitambaa, navaa, saa mbili kamili niko kwa kaunta. Jioni giza linaingia kama saa moja, kwa hivo taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele, na ile jaketi ya riflekta watu wa boda huvaa, si ghali.

Kazini ongea na bosi kabla ya huyo mtu kuanza, usingoje. Mimi nilienda nikamwambia sitaki kitu ya pesa, nataka tu pahali askari anaeza kuiona, nikamwonyesha ile kona ya stoo. Akakubali saa hiyo hiyo, na saa hizi tumekuwa watatu kwa hiyo kona. Mtu akijua baiskeli iko salama amevuka nusu ya wasiwasi. Funga fremu na gurudumu pamoja kwa kitu hakitoki, sio gurudumu peke yake.

Pesa niliacha hadi hapa makusudi, juu ndio kila mtu huanza nayo na haishawishi. Lakini akikuuliza mwambie ukweli wa mfuko wako. Mimi nilikuwa natumia mia moja ya nauli kwa siku, kwa siku 24 za kazi ni 2,400, na sasa kwa mwezi mzima saa zingine nalipa fundi 150 ya panchari na mafuta ya cheni, hiyo tu. Ile baiskeli ilijilipa kabla ya mwezi wa tatu kuisha.

Wiki ya kwanza endesheni pamoja, wewe mbele yeye nyuma, aone vile unatoa mkono na vile unasimama. Siku tatu zinatosha kwa wiki hiyo, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, zingine apande gari bila kuona haya, mwili bado unajifunza kukaa kwa siti. Wiki ya pili mgeuze, yeye mbele, wewe nyuma kimya. Hapo utaona kama ameshika. Jirani yangu alikuwa anafika pale Kachok anashuka kila siku, hata barabara ikiwa tupu, na mimi sikumwambia kitu, hadi Alhamisi moja akatoa mkono, akageuza kichwa, dereva wa tuktuk akapunguza mwendo akampungia apite, akapita amekaa kwa siti. Hakuniangalia nyuma, aliendelea tu hadi Nyalenda, na mimi nilikuwa nalia huku nyuma.

Wiki ya tatu mwache aende peke yake, akutumie tu meseji akifika. Na mrudishe kwa fundi wiki hiyo hata kama hakuna kitu imeharibika. Kama breki zake ni za waya na ziliwekwa mpya, zimevutika sasa na zinataka kukazwa, na zile spoku zilizokazwa mwanzo zinaangaliwa tena.