Siku moja kwenye pwani ya Amalfi: namna ya kuipanga ili barabara isiimeze

Pwani ya Amalfi iko kusini mwa Napoli, nchini Italia, na miji yake imeshikana na jabali linaloteremka moja kwa moja baharini. Barabara ya ufukweni ni moja tu, SS163. Ina urefu wa kama kilomita 50 kutoka upande wa Sorrento hadi Vietri sul Mare. Ilichongwa karne ya 19, zama za magari ya farasi, na upana wake haujaongezeka sana tangu hapo. Elewa hilo kabla ya kumlipa mtu yeyote. Ziara nyingi zinazoharibika huku haziharibiwi na mvua wala na mwongoza watalii asiyejua kazi. Zinaharibika kwa sababu mtu aliahidiwa miji mitano kwa siku moja, akashinda anatazama mgongo wa basi lililo mbele yake.

Kipimo cha siku moja ni miji mitatu: Positano, Amalfi na Ravello. Hapo tunamzungumzia anayeanzia Napoli, Sorrento au Salerno. Anayetoka Roma apunguze iwe miwili, na asikubali kuletwa kwa basi kutoka Roma hadi Positano, maana huo ni mwendo wa zaidi ya saa tatu kila upande. Apande treni ya mwendokasi hadi Napoli, kama dakika 70, au aendelee hadi Salerno, kisha aungane na ziara hapo.

Kuchagua ziara

Ziara za pwani hii ni za aina tatu. Kuna za gari dogo la abiria wanane, au basi dogo la ishirini hivi. Kuna za boti, ambazo huondoka Sorrento, Napoli au Salerno, husimama kwenye ghuba ndogondogo ili watu waogelee, kisha huwashusha Positano na Amalfi. Halafu kuna zinazochanganya, gari asubuhi na boti katikati ya siku. Kama unasafiri kati ya Aprili na Oktoba, chukua ya mchanganyiko. Positano hadi Amalfi kwa barabara ni kilomita kama 16, na Agosti hizo 16 zinaweza kula saa nzima na ushee. Boti hufika kwa dakika 25 hivi, nayo ndiyo inayokuonyesha miji ilivyopangwa juu ya mwamba, kitu ambacho aliye barabarani hakioni kwa kuwa yumo ndani yake.

Boti peke yake ni nzuri kwa anayetaka bahari zaidi kuliko miji. Kasoro yake ni Ravello: mji huo uko mlimani, zaidi ya mita 350 juu ya bahari, na ziara nyingi za boti huuacha.

Jihadhari na mabasi makubwa ya watu hamsini. Basi lenye urefu unaozidi kama mita 10 haliruhusiwi kwenye SS163, kwa hiyo kampuni inayokusanya watu wengi hivyo italazimika kuwahamishia kwenye magari madogo au boti njiani. Si kosa, ila kila uhamisho unakula nusu saa ya kuhesabiana na kusubiriana.

Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi mambo haya. Nani atakuwa nasi: dereva tu, au dereva na mwongoza watalii mwenye leseni? Nchini Italia hizo ni kazi mbili tofauti kisheria. Dereva wa gari la kukodi anaweza kukuchekesha njia nzima na kukuonyesha mnara ule na kijiji kile, lakini haruhusiwi kukuongoza ndani ya kanisa kuu au jumba la makumbusho. Matangazo mengi yanaandika “ziara ya kuongozwa” na maana yake ni dereva anayejua Kiingereza. Uliza pia saa halisi za kukaa kila mji, usiridhike na orodha ya majina ya miji. Uliza kama bei ina tiketi ya boti, viingilio na chakula. Uliza bahari ikichafuka watafanya nini: watarudisha fedha, watabadilisha kuwa gari, au watakuambia pole. La mwisho ni ukubwa wa kundi. Zaidi ya watu kumi na tano, nusu ya Positano itaishia kwenye kumtafuta aliyepotea.

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen, na kibali cha kuishi Uingereza au Falme za Kiarabu hakichukui nafasi yake. Wapo wanaolipia ziara wakiwa London ndipo wanaligundua hilo.

Na tiketi zote huandikwa kwa saa za Kizungu, mzunguko wa 24. Boti ya 14:30 inaondoka saa nane na nusu mchana. Ukizoea kugeuza saa kichwani, geuza mara mbili.

Msimu na saa ya kuondoka

Mei, Juni ya mwanzo, Septemba na Oktoba ya mwanzo ndiyo miezi yenye nafuu. Agosti Waitaliano wenyewe wako likizo, na siku za jirani na tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, ni bora ukae mahali pengine kabisa. Kuanzia Novemba hadi Machi boti nyingi husimama, hoteli nyingi hufungwa, na mvua kubwa huweza kuporomosha mawe na kufunga kipande cha barabara. Anayekuja Januari apange kwa gari tu, na aridhike na ukimya.

Toka Napoli si baada ya saa moja na nusu asubuhi. Lengo ni kufika Positano kabla ya saa tatu, kwa sababu kuanzia saa nne magari ya ziara kutoka kila upande hukutana kwenye kona zilezile. Kona hizo zikikutanisha mabasi mawili, moja hurudi nyuma, na kila aliye nyuma yake hurudi pia. Wenyeji hutumia honi kabla ya kona kama salamu, usidhani wanagombana.

Ukielekea mashariki, yaani kutoka Sorrento kwenda Amalfi, kaa kulia. Italia wanaendesha upande wa kulia, tofauti na kwetu, kwa hiyo gari lako litakuwa kwenye ukingo wa bahari na dirisha la kulia halina kizuizi. Ukiwa unaogopa vimo, kaa kushoto na usione aibu. Mwenye kuchafukwa na tumbo safarini aombe kiti cha mbele, anywe dawa ya kuzuia kutapika kama saa moja kabla ya kuondoka, na asitazame simu mle kwenye kona. Dawa hizo hupatikana duka lolote la dawa lenye msalaba wa kijani. Kunywa baada ya kichefuchefu kuanza hakusaidii sana.

Mwendo wa siku

Positano kwanza. Gari litakushusha juu, jirani na vituo vya basi vya Chiesa Nuova au Sponda, kwa sababu barabara kuu haiteremki hadi ufukweni. Positano inashukwa, haipandwi. Ukitembea polepole kuteremka utapita vichochoro vyenye maduka ya kitani na viatu vya ngozi, mpaka kanisa la Santa Maria Assunta lenye kuba la vigae vya rangi, na hatua chache chini yake ufukwe wa Spiaggia Grande. Dakika tisini zinatosha. Gati liko pembeni ya ufukwe huohuo, nawe unaondokea hapo kwa boti. Ziara inayokutaka upande tena ngazi zote saa sita mchana kulifuata gari imepangwa na mtu anayehesabu petroli yake, si miguu yako.

Viatu viwe vya soli inayoshika. Ngazi ni za mawe yaliyolainishwa na nyayo, na ndala huteleza.

Kwenye boti, kaa upande wa kushoto ukielekea Amalfi ili uione nchi kavu. Utapita Praiano, kisha ufa mwembamba wa Furore wenye daraja juu yake, kisha Conca dei Marini. Milimani utaona makonde ya ngazi yaliyofunikwa nyavu juu ya nguzo za mbao. Hayo ni mashamba ya malimau ya Amalfi, malimau marefu yenye ganda nene lenye harufu kali. Nyavu zinayakinga na baridi na mvua ya mawe. Neno lao limone na limau letu asili yake ni Kiarabu kilekile.

Amalfi mpe saa mbili na nusu pamoja na chakula. Leo ni mji mdogo, lakini kabla ya Venice kutawala bahari, Amalfi ilikuwa dola ya wafanyabiashara wenye meli zilizofika Misri na Konstantinopoli (Istanbul ya leo). Tufani la mwaka 1343 lilibomoa sehemu kubwa ya bandari yake. Panda ngazi 62 za kanisa kuu la Sant'Andrea na uitazame milango ya shaba, iliyotengenezwa Konstantinopoli karne ya 11. Kata tiketi uingie pia Chiostro del Paradiso, ua wa karne ya 13 uliozungukwa na matao yaliyopishana kwa mtindo wa Kiarabu. Watu wengi hupiga picha ngazini na kuondoka, na hapo ndipo mwongozaji mwenye leseni anapolipa gharama yake. Mabega na magoti yafunikwe. Leso moja kwenye mkoba inatosha.

Baada ya hapo, kama miguu inaruhusu, Atrani iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kuna njia ya chini ya mwamba kwa wapita njia. Ndiyo manispaa ndogo kuliko zote Italia kwa eneo, na uwanja wake una wenyeji wengi kuliko wageni.

Ravello ya mwisho, kwa gari, kama nusu saa ya kupanda. Ukiwa na saa moja tu, ingia Villa Rufolo iliyo kwenye uwanja mkuu. Ukiwa na saa moja na nusu au zaidi, tembea dakika kumi na tano hadi Villa Cimbrone; baraza lake la mwisho linaning'inia juu ya bahari na ndilo pazuri kuliko yote katika safari hii. Kiangazi ni sababu nyingine ya kuchagua Cimbrone: jukwaa la tamasha la muziki hujengwa kwenye bustani ya chini ya Rufolo na huziba sehemu ya mandhari ile ambayo watu wameifuata.

Kuhusu kula

Ukienda hatua mia mbili mbali na gati, bei hushuka. Kahawa ya kusimama kaunta ni nafuu kuliko ileile ya kukaa mezani, na kwenye risiti ya mgahawa utakuta neno coperto, ada ya kukaa ya euro 2 au 3 kwa kila mtu. Si wizi, imeandikwa kwenye orodha ya vyakula.

Waislamu, na wengine wasiotumia pombe au nguruwe, waangalie vitu viwili visivyoonekana kwa macho. Keki nyeupe ya limau, delizia al limone, mara nyingi hulowanishwa kwa limoncello, ambayo ni kileo. Na sfogliatella, ule mkate mtamu wa matabaka membamba, kwa desturi hupakwa mafuta ya nguruwe; uliza kama kuna strutto. Tambi za scialatielli kwa vyakula vya bahari kwa kawaida hazina nguruwe, ila uliza kama mchuzi umetiwa divai, maana huwekwa mara nyingi.

Mambo yanayokwama

La kwanza ni bahari. Pwani inatazama kusini, kwa hiyo upepo wa kusini ndio unaoleta mawimbi hadi gatini, hata jua likiwa linawaka na anga ni safi. Boti haziahirishwi kwa sababu ya mvua, zinaahirishwa kwa sababu ya mawimbi. Asubuhi bahari kwa kawaida ni tulivu kuliko alasiri, ndiyo maana boti ikiwekwa mapema siku hushika. Ikifutwa, mabasi ya umma ya SITA Sud huunganisha Positano na Amalfi, na Amalfi na Salerno. Tiketi nunua mapema dukani penye alama ya T au kwenye baa, kwa sababu ukishaikuta foleni kituoni basi linaweza kujaa na kukupita.

La pili ni mgomo. Andika neno sciopero na tarehe yako kwenye mtandao siku chache kabla. Migomo ya usafiri Italia hutangazwa mapema.

La tatu ni kurudi. Dereva anayeijua nchi hatakurudisha kwa SS163 jioni. Kutoka Ravello atapanda Tramonti, avuke mlima kwenye Valico di Chiunzi, ateremke Angri na kuingia barabara kuu ya Napoli. Uliza kama ndiyo njia yao. Hata hivyo usinunue treni ya kurudi Roma inayoondoka Napoli kabla ya saa mbili usiku, na chukua aina ya tiketi inayoruhusu kubadilisha muda.