Jinsi ya kujua kama flomita yako inasema kweli kwa simtanki na mizani

Wadau, flomita (mita ya kupima maji yanayopita kwenye bomba) ikianza kutoa namba za ajabu watu wengi wanakimbilia kwenye menyu ya mita kubadilisha faktari, ile namba mita inayozidishia kupata lita. Tafadhali msiguse kwanza, ukishaibadilisha hujui tena mita ilikuwa inakosea kiasi gani. Pima kwanza. Hapa naongelea laini ya maji ya inchi 1 mpaka 2, mita ya sumaku au ile ya mapanga yanayozungushwa na maji.

1. Angalia bomba. Lazima lijae maji kabisa, hewa ikipita mita ya sumaku inapagawa. Kabla ya mita kuwe na kipande kilichonyooka, kwa mita ya sumaku angalau mara 5 ya kipenyo cha bomba, baada ya mita mara 2 au 3 hivi; ya mapanga mara nyingi inataka zaidi, angalia kitabu chake. Kama kiwiko au valvu iliyofungwa nusu imebananishwa pale mbele hapo tatizo si mita, rekebisha bomba.

2. Angalia sifuri. Funga valvu ya baada ya mita, bomba likiwa limejaa, namba itulie kwenye sifuri. Mita za sumaku huwa zina seting ya kuficha mtiririko mdogo kwahiyo izime kwa muda, la sivyo utaona sifuri ya uongo, halafu ukimaliza irudishe.

3. Sasa pima. Weka simtanki la lita 1000 juu ya mizani iliyokaguliwa. Jaza maji kwanza mpira wote unaopeleka maji kwenye tangi, mwanzo na mwisho wa kipimo uwe umejaa vilevile, na hakikisha hakuna njia nyingine ya maji kutoka wala kuvuja kati ya mita na tangi. Weka mizani sifuri, andika namba ya jumla ya mita, fungua maji, funga, andika tena. Usichukue lita 50 ukaridhika, kama mita inahesabu lita moja moja basi kwenye lita 50 hiyo lita moja tu ni 2%, nenda 500 kwenda juu.

4. Pima joto la maji. Hii watu wanairuka na inaniuma sana, kwasababu lita moja kwenye nyuzi 30 ina kilo 0.9957, sio 1, na hiyo tofauti ya karibu nusu asilimia ndio usahihi wenyewe tunaoutafuta.

Mfano: mizani inasoma kilo 812.5, gawa kwa 0.9957 unapata lita 816. Mita imesema 829. Toa 816, inabaki 13, gawa kwa 816, zidisha mara 100, kosa ni +1.6%.

5. Rudia mara tatu kwa mtiririko mkubwa, wa kati na mdogo. Hapa ndio penye majibu. Kosa likilingana kote, faktari ndio ya kurekebisha. Likikua kwenye mtiririko mdogo tu, shuku sifuri, au kwa mita ya mapanga shuku kuchakaa. Majibu yakirukaruka tafuta hewa.

Mita ya maji ya daraja la 2 la usahihi inaruhusiwa kukosea ±2% mtiririko wa kawaida na ±5% ule wa chini. Mita ikiwa ya kuuzia maji usikate sili hata kidogo, kwa Tanzania hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo, wewe wapelekee majedwali ya vipimo vyako.