Unahamia North Carolina? Ijue kwanza ardhi unayoshukia

Simu za namna hii nimepokea nyingi. Mtu yuko Minnesota, baridi imemchosha. Au yuko Maryland, kodi ya nyumba imemshinda. Amesikia North Carolina maisha ni nafuu, anataka nimwambie ahamie mji gani. Nami humuuliza kwanza: pwani, katikati au mlimani? Kutoka Manteo, kwenye pwani ya Atlantiki, hadi Murphy, karibu na mpaka wa Tennessee, ni mwendo wa karibu kilomita 900 kwa gari. Kazi hubadilika njiani, usafiri hubadilika, hata hatari zinazoikabili nyumba yako hubadilika, na sababu zake utazikuta katika historia ya ardhi yenyewe.

Mashariki ni tambarare ya mchanga, mabwawa na misonobari. Enzi za meli za mbao, utomvu wa misonobari hiyo ulitengenezwa lami ya kuzibia nyufa za meli, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Ndiyo maana hadi leo watu wa jimbo hili huitwa Tar Heels, wenye visigino vya lami. Siku hizi mashariki ni tumbaku, kuku, nguruwe na viazi vitamu. Jimbo hili ndilo linaloongoza Marekani kwa viazi vitamu. Usishangae ukivichemsha vikawa laini na majimaji, kwani aina inayolimwa zaidi, Covington, ni ya rangi ya chungwa. Ukitaka kile cheupe, kikavu, cha kunywea chai, nenda duka la Waasia au la Walatino.

Kazi zinazopatikana haraka huko ni za viwanda vya nyama. Kiwanda kilichoko Tar Heel, kaunti ya Bladen, ni kati ya machinjio makubwa kabisa ya nguruwe duniani. Wakala akikwambia "kiwanda cha nyama", muulize ni nyama gani kabla hujafunga mizigo, hasa kama wewe ni Mwislamu. Muulize pia kuhusu zamu, kasi ya mstari wa kukatia nyama na baridi ya ndani, kwa maana kushika kisu saa nane mfululizo huumiza viganja.

Sasa nikueleze kuhusu Princeville, kwa sababu mji huu mdogo umenifundisha mengi kuliko kijitabu chochote cha wageni. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, watu waliotoka utumwani walikaa bondeni kando ya mto Tar, mkabala na Tarboro. Ardhi ile ilikuwa ya kinamasi na wazungu hawakuitaka, basi wakaachiwa. Mwaka 1885 wakausajili rasmi mji wao, wa kwanza Marekani kusajiliwa na Wamarekani weusi. Septemba 1999 kimbunga Floyd kiliuzamisha karibu wote. Wakajenga upya. Oktoba 2016 kimbunga Matthew kikaleta maji tena. Nyumba ya bei nafuu kwenye bonde la mto mara nyingi ina historia ya namna hii nyuma yake: kuna mtu aliyesukumwa pale.

Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, wa kupanga au wa kununua, ingiza anwani ya nyumba kwenye ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa. Haina malipo. Ujue pia kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipi hasara ya mafuriko, wala ile ya mpangaji. Bima ya mafuriko hununuliwa peke yake, na ile ya serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Ukisubiri mpaka kimbunga kitangazwe kwenye taarifa ya habari, umechelewa. Msimu wenyewe ni Juni hadi mwisho wa Novemba.

Wilmington, mji mzuri wa bandari, una jeraha lake pia. Tarehe 10 Novemba 1898 wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa, wakaua watu weusi na kuchoma moto ofisi ya gazeti la weusi hao, Daily Record. Ukihamia huko, ulijue hilo. Majirani zako weusi wanalijua.

Wengi wetu, hata hivyo, tunaishi katikati, ukanda unaoitwa Piedmont. Mito inayoteremka hapa iliendesha mitambo ya nguo, Durham na Winston-Salem zikatajirika kwa tumbaku, High Point ikawa mji wa samani. Viwanda vingi vya nguo vilifungwa kuelekea mwaka 2000 na baada yake. Kilichookoa eneo hili ni benki za Charlotte, zikiwemo Bank of America na Truist, na eneo la utafiti lililoanzishwa mwaka 1959 kati ya Raleigh, Durham na Chapel Hill, penye vyuo vikuu vitatu vikubwa. Kwa anayeanza, kazi ni za maghala ya mizigo, hospitali na kutunza wazee. Cheti cha CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, hufungua mlango mapema. Kumbuka tu kwamba kima cha chini cha kisheria hapa ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009. Waajiri wengi hulipa zaidi, lakini ukitoka jimbo lenye kima kikubwa, pata kiwango chako kwa maandishi kabla ya kuhama.

Gari ni lazima karibu kila mahali. Treni ya Piedmont hupita kila siku Raleigh, Durham, Greensboro na Charlotte, na mabasi ya Chapel Hill ni bure, ila zamu ikiisha usiku wa manane hutapata basi la kukurudisha. Ukishakuwa mkazi una siku 60 za kuchukua leseni ya udereva ya jimbo. Mkataba wa nyumba, leseni na karatasi za kodi ya mapato vitunze tangu siku ya kwanza: mwanao atakapokwenda chuo, ada nafuu ya wakazi hudai ushahidi wa kuishi hapa miezi 12.

Greensboro naipenda kuliko miji yote ya hapa. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth iliyokuwa ya wazungu tu, wakagoma kuondoka. Jengo lile leo ni makumbusho, wapeleke watoto. Wakongo wengi wamepewa makazi mjini humo, na Kiswahili cha Kivu utakisikia sokoni na kanisani. Hospitalini omba mkalimani, ni haki yako bila malipo, na useme kama unataka Kiswahili cha Congo. Mtoto wako asibebeshwe kazi ya kukutafsiria habari za ugonjwa.

Mlimani kuna Asheville, na Wacherokee, wenyeji wa asili, waliobaki baada ya wenzao kufukuzwa mwaka 1838. Kazi huko zaidi ni za utalii na nyumba ni ghali. Watu walikuwa wakiamini kwamba milima ni kimbilio la kuepuka vimbunga, mpaka Septemba 2024 kimbunga Helene kilipoporomosha miteremko na kufurisha mito. Zaidi ya watu 100 walikufa katika jimbo hili, na Asheville ikakaa zaidi ya siku 50 bila maji salama ya bomba. Ramani ya mafuriko ni ya huko pia.

Lakini kutembea, nenda. Mlima Mitchell, mita 2,037, ndio mrefu kuliko yote mashariki ya mto Mississippi, na gari hufika karibu na kilele. Ulizia kwanza kama barabara iko wazi, kisha chukua sweta, hata kama ni Julai.